Kipaza Sauti Kisicho na Waya

Sisi wanafunzi wa Ilemela tulitaka akina mama wanaokaa nyuma ya pazia wamsikie ustadhi vizuri. Tukachukua kipaza sauti kidogo cha redio kaseti mbovu, transista moja, kapasita, waya wa shaba na betri ya volti 9. Waya tuliuzungusha kwenye kalamu ukawa koili. Koili na kapasita ndizo zinazopanga masafa. Mtu akisema, masafa hayo hutikisika kidogo, na redio ya FM huugeuza mtikisiko huo kuwa maneno. Redio ya akina mama ikatoa "Bismillahi", alhamdulillahi.

Hata hivyo tulikifanya hafifu, kisivuke uzio. FM huishia megahezi 108, na hapo hapo juu huanza masafa ya kuongozea ndege. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko humu humu Ilemela. Ndiyo maana masafa hugawiwa na TCRA.

Mwenzetu mmoja alipendekeza tukifiche kwa jirani, tusikilize mazungumzo yake. Tulikataa, kwani Surat al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Darsa ilipokwisha tuliitoa betri, chombo tukamkabidhi ustadhi.