Nani anamwogesha mama?

Kila anayeuguza mzazi anayajua maswali ya watu. Mama anaendeleaje? Anakula? Dawa zipo? Ameanza kusimama? Ni maswali ya upendo, na tumeyajibu mara nyingi kwa moyo mweupe. Lakini swali lililobadilisha mambo katika familia yetu halikuulizwa na ndugu, jirani wala daktari. Liliulizwa na mwanamke aliyeko Japani ambaye hadi leo sijawahi kuonana naye ana kwa ana.

Tulifahamiana miaka mitatu iliyopita kupitia programu ya simu inayowakutanisha watu wanaotaka kujifunza lugha. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kufanya naye mazoezi ya Kiingereza kwa ajili ya kazi yangu. Yeye alikuwa anatafuta mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Alikisoma akiwa msichana, katika chuo kikuu cha lugha za kigeni cha Osaka, ambacho mwaka 2007 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka. Baada ya masomo akaajiriwa ofisini, akaolewa, akalea watoto, na Kiswahili chake kikabaki kwenye madaftari. Alipofikisha miaka 57 akaamua kukifufua kabla hakijapotea kabisa.

Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Tukakubaliana Jumapili saa kumi jioni ya Dar es Salaam, ambayo kwake ni saa nne usiku. Kila tukianza namwamkia shikamoo, maana amenizidi miaka kumi na minne. Mwanzoni alikuwa anacheka. Siku hizi anaitikia marahaba bila kuona haya, kisha ananiuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi, zote kwa mpangilio.

Najua wengi wanaogopa watu wa mtandaoni, na wana sababu. Sisi tulikwenda polepole. Kwa miezi kadhaa tulizungumza mapishi, hali ya hewa na shule za watoto. Sikumwambia ninapoishi, yeye hakuniambia anapofanya kazi, na hakuna aliyemwomba mwenzake hata shilingi moja. Kilichotukaribisha ni kwamba sote wawili tulikuwa na mama mgonjwa.

Mama yangu ana miaka 74. Alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto, na anaishi kwake Muheza. Mama yake yeye alikuwa na miaka 86 na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Aliwahi kutoka nyumbani usiku wa baridi akaokotwa na polisi kituo cha treni, akisema anakwenda kumchukua mwanawe shule. Mwanawe mwenyewe alikuwa karibu na kustaafu.

Siku aliyoniambia kwamba mama yake amehamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nilikaa kimya kidogo. Huku kwetu tuna kauli ya kujisifu tunayoirudia misibani, harusini na hata bungeni: sisi Waafrika hatuwapeleki wazazi wetu kwenye nyumba za wazee. Sikuitamka, lakini nadhani aliisikia kwenye ukimya wangu, kwa sababu ndipo aliponiuliza, kwa upole kabisa, "Na wewe dada, nani anamwogesha mama?"

Nikamjibu kwamba ni mdogo wangu.

"Kila siku?"

Kila siku.

"Kabla ya hapo alikuwa anafanya kazi gani?"

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Alikuwa na chumba cha biashara karibu na stendi, akishona sare za shule na madera, na alikuwa na wasichana wawili anaowafundisha. Mama alipougua, chumba kikarudishwa kwa mwenye nyumba na cherehani ikahamishiwa sebuleni, ikafunikwa kitambaa. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Sisi wengine watatu tulikuwa mbali, mmoja Mwanza, mmoja Arusha na mimi Dar es Salaam. Yeye hakuwa ameolewa na alikuwa karibu. Kazi ikamwangukia, na sisi tukawa tunatuma pesa kwa simu na kuandika "Mungu akubariki mdogo wetu" kwenye kundi la familia.

Dada wa Japani akaniambia kwamba kwao pia kazi hiyo ilikuwa na mtu wake, ila jina lake lilikuwa tofauti. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye aliyebaki na wazazi, na mzigo wa kuwahudumia ukambebea mkewe. Mkamwana alimlisha mkwewe, akamwogesha, akamgeuza kitandani, na watu wakasema familia ya fulani inatunza wazazi vizuri. Mwaka 1972 mwandishi Sawako Ariyoshi alitoa riwaya kuhusu mwanamke mwenye ajira anayemuuguza baba mkwe aliyepoteza kumbukumbu. Ilinunuliwa kwa wingi sana, na watu wakaanza kulizungumza hadharani jambo lililokuwa siri ya vyumbani.

Aprili 2000 Japani ilianzisha bima ya matunzo ya wazee. Kila mkazi anaanza kuichangia akifikisha miaka 40. Mzee akidhoofika, familia inaomba kwenye ofisi ya mji wao, mtu anatumwa kumpima kama anaweza kuinuka, kula na kwenda chooni mwenyewe, kisha anapangiwa daraja la msaada. Wengi hulipa sehemu moja kati ya kumi ya gharama za huduma, na wenye kipato kikubwa hulipa zaidi. Gari linaweza kumfuata mzee asubuhi, akapelekwa kituoni kuoga, kula na kufanya mazoezi ya viungo, akarudishwa jioni. Kwa asiyeweza kutoka kitandani, kuna gari linalobeba beseni kubwa la kuogea hadi nyumbani, likiwa na wahudumu watatu, mmoja wao muuguzi.

Nilimuuliza, sasa kama yote hayo yapo, mama kaendaje kwenye nyumba ya wazee? Akaniambia nyumba za gharama nafuu zinazosimamiwa chini ya mpango huo hazimpokei kila mtu. Tangu mwaka 2015 kwa kawaida zinapokea waliofikia daraja la tatu kwenda juu kati ya madaraja matano. Mama yake alifikia, na yeye alikuwa amemaliza likizo yake ya kuuguza. Sheria yao inampa mfanyakazi siku 93 kwa kila ndugu anayehitaji uangalizi. "Siku 93 zinakwisha," aliniambia. "Ugonjwa hauishi."

Hatukukubaliana kwa kila kitu. Nilimweleza kwamba mama yangu hawezi kuvuliwa nguo na mtu asiyemjua, na kwamba kwetu ni mwiko mtoto wa kiume kumwogesha mama yake, sembuse mkwe wa kiume. Yeye akasema mama yake aliona kinyume chake. Kuogeshwa na binti yake kulimtia aibu kubwa, lakini mbele ya mhudumu aliyevaa sare alitulia, kwa sababu yule ni mtu wa kazi kama daktari. Tulibishana Jumapili mbili. Mwisho tuliona kwamba aibu ipo kwa wote, ila imekaa mahali tofauti, na mtoto anayetaka kumtunza mzazi wake lazima ajue ya mzazi wake imekaa wapi.

Nikampigia mdogo wangu. Sikumuuliza mama anaendeleaje. Nilimuuliza, "Wewe umelala saa ngapi jana?" Kukawa na kimya, kisha akaanza kulia. Alikuwa anaamka mara tatu usiku kumgeuza mama asipate vidonda vya kulalia. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa kumwinua. Alikuwa amekataa posa ya mtu anayempenda kwa sababu mtu huyo anaishi Kahama. Tulikuwa tunaongea kila wiki, na habari hizo hazikuwahi kupata nafasi kwa kuwa habari ya siku zote ilikuwa ya mama.

Tuliitisha kikao kwa simu, sote wanne. Kaka yetu mkubwa alikasirika. Alisema sasa tunataka kumfanya mama mzigo, kwamba bibi zetu walitunzwa bila ratiba wala bajeti. Nikamkumbusha kwamba bibi alifia kwenye nyumba yenye watu kumi na moja. Shangazi, mama mdogo, wakamwana wawili na wajukuu wakubwa walipokezana bila kuandikiana. Nyumba ya Muheza leo ina watu wawili, na mmoja wao hawezi kusimama.

Huenda hapa ndipo tunapojidanganya kama taifa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Ni sawa, lakini familia si mtu. Ukiingia ndani utakuta binti asiyeolewa, mkamwana, mjukuu aliyeacha shule, au dada wa kazi anayelipwa kidogo. Zanzibar wameongeza hatua moja kwa kuanzisha mwaka 2016 pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hiyo inampa mzee heshima ya kununua sabuni yake mwenyewe. Hata hivyo, bado kuna mkono unaotakiwa kuishika hiyo sabuni.

Tulichoamua ni hiki. Kila mmoja wetu sisi watatu anatoa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo tunamlipa mama mmoja wa mtaani, anayefahamika na mama tangu zamani, anayefika saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka saa nane mchana. Mama alimkubali kwa sababu waliimba pamoja kwaya, na aibu yake imekaa kwa wageni, haikukaa kwa rafiki. Zinazobaki zinanunua pampasi na mafuta ya kumchua. Mchana mdogo wangu yuko kwenye cherehani. Kila miezi miwili mmoja wetu anakwenda kukaa wiki nzima, na usiku ni zamu yake. Kaka zetu hawamwogeshi mama, lakini wanateka maji, wanapika uji, wanamgeuza na kumpeleka kliniki. Kaka mkubwa aliyekasirika alikuwa wa kwanza kwenda. Aliporudi Mwanza alituma ujumbe wa sauti, akasema wiki ile imemchosha kuliko msimu mzima wa kuvuna mpunga.

Haijanyooka yote. Kuna mwezi fedha hazitoshi, na yule mchumba wa Kahama bado anasubiri jibu. Lakini sasa tunajua tunachodaiwa na nani anatudai.

Na mwenzangu wa Japani naye alichukua kitu kwetu. Aliniuliza kama majirani wanakuja kumwona mama. Nikacheka. Nikamwambia mgonjwa Muheza hapati hata nafasi ya kulala mchana kwa wanaokuja kumjulia hali, wengine na ndizi, wengine na mayai, wengine na maneno tu. Akanyamaza. Baadaye akanieleza kwamba mama yake aliishi mtaa mmoja kwa miaka arobaini, na alipohamia kwenye nyumba ya wazee hakuna jirani aliyekuja kumwona. Hakuwalaumu. Kwao kumtembelea mgonjwa bila taarifa ni kumsumbua. Kwao pia wana neno maalumu la mtu anayefariki peke yake nyumbani bila yeyote kujua.

Wiki iliyofuata akabisha hodi kwa majirani watatu wa zamani, akawaomba waende naye. Wawili walikwenda. Mama yake hakuyakumbuka majina yao, lakini mmoja alikuwa na desturi ya kumletea kachumbari ya figili, na alipoionja alisema, "Umezidisha chumvi, kama kawaida yako."

Siku moja nikiwa zamu Muheza aliomba kumwamkia mama. Nikaiweka simu karibu na mto. Akasema shikamoo mama, taratibu, kwa Kiswahili chake cha darasani. Mama akaitikia marahaba mwanangu, kisha akamuuliza kama mama yake anakula. Akajibu kwamba anakula vizuri. Mama akasema, "Mwambie namsalimia. Na wewe ulale, huko ni usiku."

Mdogo wangu ndiye aliyeniruhusu kuyaandika haya, kwa sharti moja: nisimfanye malaika. Anasema malaika hawaumwi mgongo, na ndiyo maana watu hawajali kuwapokea mzigo. Basi kama kwenu kuna mzazi kitandani, chukueni karatasi muandike saa za siku, kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane, na mbele ya kila saa jina la anayefanya kazi. Likijirudia jina moja ukurasa mzima, mpigieni mwenye jina hilo leo. Mama mtamuuliza hali yake kesho.