Senene Wameanguka: Majira na Sikukuu katika Somo la Kiswahili

Katika vitabu vingi tulivyopata kuvitumia, majira ya mwaka huwekwa katika jedwali la safu nne: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Mwanafunzi hutakiwa kuyakariri pamoja na miezi yake, kisha chini ya jedwali huulizwa: "Mvua nyingi hunyesha katika miezi gani?" Jibu ni Machi, Aprili na Mei. Ni jibu la kweli kwa mtu wa Tanga au wa Mombasa, ambako masika huja upepo wa kusi unapoanza kushika, na vuli hutangulia kaskazi. Sisi tunaofundisha mbali na bahari tuna swali la ziada: je, ni jibu la kweli kwa mtoto aliyeketi mbele yetu?

Sisi ni walimu wawili tunaogawana somo la Kiswahili katika shule moja ya msingi iliyo pembezoni mwa jiji la Kampala. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa kirefu mambo yaliyokipata Kiswahili nchini Uganda: jinsi Gavana Gowers alivyotaka kukiingiza shuleni mwishoni mwa miaka ya 1920, na jinsi Kabaka Daudi Chwa alivyokipinga, jinsi amri ya mwaka 1973 ilivyokitangaza kuwa lugha ya taifa wakati ambapo raia wengi walikisikia vinywani mwa askari, jinsi Katiba ilivyorekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na jinsi Baraza la Mawaziri lilivyoamua Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima. Hayo ni mambo makubwa. Darasani hali ni ya unyonge zaidi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi una masomo manne, na Kiswahili hakimo. Kwa hiyo hupewa kipindi cha Ijumaa alasiri, watoto wakiwa wamekwisha choka na macho yao yako dirishani. Tena maneno ya kwanza ya Kiswahili ambayo wengi wao huja nayo kutoka nyumbani ni "lala chini" na "toa pesa", nayo waliyapokea kwa wazee wao waliyoyasikia vizuizini barabarani. Lugha iliyoingia nyumbani kwa mlango huo haiwezi kupendwa kwa sababu ya jedwali la safu nne.

Basi tuliamua kuanza na kile kinachoanguka kutoka mbinguni. Mwezi wa Novemba, mvua za pili zinapokuwa zimekolea, senene huja usiku kwa makundi. Huko Masaka watu huwasha taa kali za umeme, wakasimamisha mabati mapya kandokando ya mapipa; senene huifuata nuru, wakagonga bati, wakateleza hadi ndani ya pipa. Asubuhi yake hapana mtoto wa Kampala asiyejua kwamba wameanguka, maana huuzwa kwa vikombe barabarani, wabichi na waliokaangwa. Kwa Kiganda mwezi huo wenyewe huitwa Museenene. Sasa, mwalimu aingie darasani siku hiyo na somo la "Sehemu za Nyumba" aone kama atasikilizwa!

Sisi huingia na ungo. Neno "senene" halina haja ya kufafanuliwa: Waganda wanalo, na Wahaya wa Bukoba wamekwisha lipa nafasi katika Kiswahili cha Tanzania. Linalohitaji kazi ni sarufi. Mtoto anayefikiri kwa Kiganda husema "senene zinaanguka", kwa kuwa kwao nomino hiyo huchukua kiambishi cha namna hiyo. Tunamweleza kwamba Kiswahili kikishaona kiumbe chenye uhai, hata kikiwa kidogo kama kidole, humpa heshima ya mtu: senene anaanguka, senene wanaanguka, senene hawa, senene wangu. Tumepata kufundisha upatanisho huu kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na ulisahauliwa wiki iliyofuata. Kwa senene haukusahauliwa. Kisha huja kazi yenyewe, ambayo ni kung'oa mbawa na miguu, kuosha, kutia sufuriani pasipo mafuta (maana wana mafuta yao ya kutosha), kuongeza chumvi na kitunguu. Kila hatua husemwa kwa kiambishi cha -ka-: tukawang'oa mbawa, tukawaosha, tukawakaanga, tukawala. Twadiriki kusema kwamba hatujaona zoezi jingine linaloifundisha -ka- ya masimulizi kwa wepesi kama hilo, na harufu yake hufika hadi ofisi ya mwalimu mkuu.

Mwaka mmoja mvulana wa darasa la tano alikataa kugusa ungo. Tulimwuliza sababu, naye akajibu kwa Kiswahili cha kujikongoja: "Mimi ni Nsenene. Mimi sikuli." Wasiojua mila za Buganda hawana budi kuelezwa kwamba Nsenene ni miongoni mwa koo za Waganda, na mwenye ukoo huo hamli mdudu aliye mwiko wake. Darasa zima lilinyamaza. Palepale ubaoni tukaandika "sikuli" na "sili" tukaonyesha tofauti iliyopo: la kwanza halifai hapa, la pili laeleza desturi ya siku zote. "Mimi sili. Sisi hatuwali." Alilirudia mara tatu, na mara ya tatu alilisema kwa fahari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtoto yule kulitumia somo letu kusema jambo lililomhusu yeye na baba yake na babu yake.

Tangu hapo tumeuweka mwaka mzima ukutani kwa namna nyingine. Karatasi kubwa ina safu tatu: mwezi kwa jina la kalenda, mwezi kwa jina la nyumbani, na sentensi moja ya Kiswahili. Majina ya Kiganda yana utajiri wa kumfurahisha mwalimu yeyote wa lugha. Januari ni Gatonnya, wakati ndizi mbivu zinapodondoka zenyewe kwa wingi wake. Machi ni Mugulansigo, yaani mnunuzi wa mbegu. Aprili ni Kafuumuulampawu, mfukuza kumbikumbi. Watoto huandika: "Mwezi wa Machi tunanunua mbegu." Sentensi ni fupi, lakini haikutoka kitabuni.

Jambo moja ambalo watoto hutuuliza kila mwaka ni kama Waswahili nao wana majina ya miezi ya kwao, maana Januari na Februari wanajua yametoka ng'ambo. Wanayo, nasi hupenda kuyaeleza. Baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hivyo hivyo hadi Mfunguo Tisa, ndipo zije Rajabu na Shaabani na Ramadhani tena. Mwaka mzima umehesabiwa kuanzia siku ya kufungua saumu! Katika darasa letu Waislamu ni wachache, lakini zoezi la mwezi mwandamo hufanywa na wote. Kila jioni mtoto huchora umbo la mwezi kama alivyouona; usiku wa mawingu huandika "sikuuona". Hivyo hupata kulijua tendo la kuandama, na hupata kuona kwa macho kwa nini miezi hiyo ina siku 29 au 30. Tukiwaambia kwamba mwaka 2000 ulikuwa na Idi-ul-Fitri mbili, moja Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba, hawaamini mpaka wafanye hesabu wenyewe: siku kumi na moja hivi kila mwaka zikirudi nyuma. Kwa hiyo kuna sikukuu zenye majira yake na kuna sikukuu inayotembea katika majira yote. Senene hawezi kuja Mei akawa wengi kama wa Novemba, ila Idi huweza kuja wakati wowote.

Kuhusu Krismasi hatuna mengi. Watoto wamekwisha kuizoea kwa Kiingereza, na kadi zenye theluji bado huuzwa madukani Kampala katika jua la Desemba. Sisi huwataka waandike tu jinsi walivyosafiri kwenda kijijini: nani alipanda gari gani, kuku wangapi walichinjwa, nani alikosa nafasi ya kulala. Theluji hatuitaji.

Lakini likizo ina tatizo lake, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Siku hizi mtoto akifunga shule hupewa bahasha nene ya maswali yaliyopigwa chapa, ambayo mzazi huilipia na mtoto huijaza huku wenzake wakicheza. Miaka kadhaa iliyopita msichana wa darasa la nne, ambaye wazazi wake walihamia Kampala kutoka Gulu, alituletea bahasha yake. Palikuwa na ukurasa wa Kiswahili, na katika ukurasa huo lile swali letu la zamani. Yeye alikuwa amejibu: "Kwetu mvua nyingi inanyesha Agosti. Desemba hakuna mvua, watu wanachoma nyasi." Mwalimu wa masomo ya ziada aliyesahihisha alifuata karatasi ya majibu akamtia mkwaju mwekundu. Mtoto hakulalamika kuhusu alama. Alituuliza tu kama ni makosa kusema hivyo kwa Kiswahili.

Msomaji apime uzito wa swali hilo. Kaskazini mwa Uganda hakuna misimu miwili ya mvua kama ilivyo Buganda; kuna mmoja mrefu, wa kuanzia Aprili hadi Oktoba, na Agosti ni miongoni mwa miezi yake yenye maji mengi. Kisha hufuata ukavu hadi Machi. Kipupwe cha jedwali, kile cha baridi kavu ya Juni hadi Agosti, hakipo Gulu. Huku kwetu Kampala angalau mvua za ttoggo hukutana na masika, na za ddumbi hukaribiana na vuli, hata mwalimu asiyejali huweza kupita salama. Kwa mtoto yule jedwali zima lilikuwa likimwambia kwamba nyumbani kwao hakuelezeki katika lugha hii. Aliyejibu ukweli alikosa. Angalinakili jedwali angalipata. Hilo kwetu si suala la alama moja.

Tulimwambia kwamba si makosa, tukamsahihisha jambo moja tu, "hunyesha" badala ya "inanyesha", kwa kuwa ni desturi. Likizo iliyofuata hatukutoa maswali. Tuliwapa watoto wote kazi moja: waulize mtu mzima wa kwao, mvua ya kwenu hujulikana kwa dalili gani kabla haijanyesha? Waandike kwa sentensi tatu. Wengine walirudi na vyura, wengine na nyuki, wengine na upande unakotoka upepo. Msichana wa Gulu alirudi na maneno ya babu yake, ambaye alipata kuwa askari na alikuwa na Kiswahili chake cha kambini. Mzee alikuwa amesema: "Masika yetu iko moja tu, refu kama barabara ya Juba."

Tulibishana sisi wawili kama tuliweke ukutani hivyo lilivyo. Mmoja wetu alisema upatanisho ule utawaharibu watoto. Mwingine alisema kwamba hapana sentensi nzuri kama hiyo katika vitabu vyetu vyote. Mwishowe tuliliandika kama lilivyosemwa, katika alama za kunukuu, na chini yake darasa likaliandika upya: "Masika yetu ni mamoja tu, marefu kama barabara ya Juba." Watoto walikiri kwamba la chini ndilo sahihi, na wakaendelea kupenda la juu. Sisi pia.

Haikutupasa kulitupa jedwali la pwani. Tuliliweka mahali pake, na somo la pepo ndilo lililotusaidia. Kaskazi ni upepo uvumao kutoka upande wa Uarabuni na Bara Hindi, tangu Desemba hivi hadi Machi, nao ndio ulioyaleta majahazi, kusi huyarudisha. Tulipolieleza hilo, msichana yule aliinua mkono akauliza kama "kaskazini" imetokana na "kaskazi". Naam. Yeye ambaye hajapata kuiona bahari alikuwa akitaja upepo wa mabaharia kila alipoulizwa ametoka upande gani wa nchi. Siku hiyo maneno masika, vuli na kipupwe yakawa habari za watu wengine wenye bahari yao, kama vile senene walivyo habari zetu, nayo yakasomwa bila chuki.

Tangu mwanzo wa mwaka huo tumetundika pia chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, ikageuzwa faneli, ili kupima mvua ya uwanjani. Kila asubuhi mtoto wa zamu huandika: manyunyu, rasharasha, mvua kubwa, mvua ya mawe, au kavu. Chupa imeibiwa mara mbili, na daftari la kwanza limeliwa na mchwa.

Safu ya pili ya karatasi yetu ya ukutani bado ina mapengo. Majina ya Kiganda yamejaa yote kumi na mawili. Ya Kiacholi tunayo machache, na ya Karamoja hatuna hata moja. Tungeshukuru iwapo walimu wenzetu walioko Moroto, Arua na Mbale wangewauliza wazee wa huko na kutuandikia, jina la mwezi pamoja na maana yake, kwa Kiswahili chochote walicho nacho.