Wosia kwa Anayelipokea Daftari la Nguzo

Mwanangu,

Daftari la nguzo sasa ni lako. Magoti yangu hayanipandishi tena kwenye vifusi vya saiti. Kabla sijahamia barazani kwa wazee wenzangu, pokea haya machache ambayo chuoni hawakukwambia, au walikwambia siku uliyosinzia.

Kupigilia nguzo si kazi yako. Usimwamrishe opereta wala usimfundishe fomeni kazi yake; siku nguzo ikipasuka, utaambiwa wewe ndiwe uliyesema. Wewe unaangalia, unapima, unaandika, na unamwita mhandisi mapema mambo yanapokwenda kinyume na mchoro. Ukimwita jioni kwa jambo uliloliona asubuhi, umemwita matangani.

Watu watakwambia ukaguzi ni kuhesabu mapigo. Hesabu, ndiyo: kila sentimita 25 za nguzo zinapozama, andika zimekula mapigo mangapi. Lakini idadi hiyo ni bure kama hujui kila pigo lilikuwa na nguvu gani. Nyundo ya tani 4 ikianguka kutoka mita 1, vizuri. Ikianguka kutoka sentimita 70, karibu theluthi ya nguvu imepotea, na nguzo itaonekana imefika kwenye ardhi ngumu kumbe mkono wa opereta umechoka, au waya unakokota kwenye ngoma ya winchi. Macho yako yatangulie kwenye nyundo, ndipo yashuke kwenye nguzo.

Ikiwa nyundo ni ya dizeli, ile iliyo wazi juu, saa yako ya mkononi inatosha. Hesabu mapigo ya dakika moja. Yakiwa 40, chuma kinaruka takriban mita 2.7, yakiwa 50, ni kama mita 1.7 tu. Nyundo inayopiga haraka haraka humfurahisha mkandarasi, ila wewe jua kwamba inaruka kimo kifupi.

Na usisahau mto wa mbao unaowekwa juu ya kichwa cha nguzo ya zege. Ukiungua na kusagika, ubadilishwe, na uandike ulibadilishwa nguzo ikiwa kina gani. Mto mpya hunyonya nguvu, kwa hiyo mapigo huongezeka ghafla. Asiyejua atashangilia kwamba mwamba umefikiwa.

Mita chache za mwanzo ndizo za kuweka pima maji, pande mbili za nguzo, mara kwa mara. Nguzo ikishazama imeinama, usikubali ivutwe kwa kreni inyooke. Itanyooka juu na kuvunjika chini, mahali ambapo hakuna atakayeona. Kwenye tope laini, lile la mikoko, mwombe mhandisi aagize nyundo ianguke kwa kimo kifupi. Zege halipendi kuvutwa, na pigo kubwa kwenye udongo usio na ukinzani huirudishia nguzo mvuto unaoipasua kwa ndani.

Kwetu pwani kuna mtego mwingine: jiwe la matumbawe. Nguzo itagoma, mapigo yatapanda, kila mtu ataanza kukunja vifaa. Fungua kwanza taarifa ya kisima cha uchunguzi kilicho karibu. Huenda gamba hilo ni jembamba na chini yake kuna mchanga mlegevu au pango. Udongo wa mfinyanzi nao una tabia yake. Leo unapokea nguzo kirahisi, maji yaliyobanwa yakishatulia baada ya siku kadhaa unaikumbatia. Ndiyo maana nguzo hurudiwa kupigwa baadaye kabla ya kuhukumiwa. Ile kanuni ya Wellington ya mwaka 1888 ya kukadiria uzito ambao nguzo itabeba, ambayo bado utaikuta kwenye makaratasi ya watu, haijui lolote kuhusu hayo. Ilitungwa kwa nguzo za miti na nyundo ya kudondosha.

Nguzo jirani zipimwe vimo vya vichwa vyake kila siku, maana inayoingia leo inaweza kuinua iliyoingia jana. Iliyoinuka ipigwe tena.

Chakula cha mchana beba chako, usile cha mkandarasi. Sisemi zaidi, wewe mtu mzima. Ila kumbuka Sha Tin, Hong Kong, ambako majengo mawili marefu ya makazi yalibomolewa kabla hayajahamiwa kwa sababu nguzo zake, zile za kuchimbwa, zilikuwa fupi kuliko mchoro.

Andika palepale, kwa penseli, hata mvua ikinyesha. Kunakili upya nyumbani ili ukurasa upendeze nakukataza kabisa. Masikio yazibwe. Usisimame chini ya nguzo inayoinuliwa, hata ukiitwa na bosi.

Kazi ikiisha, nakala moja ya daftari mkabidhi mwenye jengo kwa saini. Kampuni hufungwa na wahandisi huhama, na atakayetaka kuongeza ghorofa miaka 30 ijayo swali lake la kwanza litakuwa nguzo zilifika wapi.

Mzee wako