Gari la Tabora, Sayyara ya Muscat

Hapa Muscat gari linaitwa sayyara, na neno lenyewe ni kongwe kuliko injini yoyote. Limo katika Sura ya Yusuf, na humo halina gurudumu hata moja: ni msafara, wale wasafiri waliomtoa Yusuf kisimani. Magari yalipoingia, Waarabu wakayapa jina la msafara.

Ungedhani jina hilo lingenata zaidi kwetu Tabora. Kazeh, yaani Tabora ya zamani, walikofikia wasafiri Burton na Speke mwaka 1857, ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu, wengi wao wenye asili ya hukuhuku Omani. Misafara ya Bagamoyo ilitua hapo, kisha mingine ikashika njia ya Ujiji, mingine Karagwe na Buganda.

Ila misafara hiyo ilikwenda kwa miguu ya watu. Wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, walipanga mstari nyuma ya kirangozi, kila mtu na mzigo wake wa kama kilo 30: kwenda pwani pembe za ndovu, kurudi nguo na shanga. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kutoka Saadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakafa, mbung'o hawana masihara, na mizigo ikarudi vichwani. Mnyamwezi yeyote angewaambia hayo bure.

Gurudumu lililoiweza njia hiyo ni la reli ya Wajerumani, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Watu wakaliita gari la moshi, na wazee bado wanaliita hivyo ingawa vichwa ni vya dizeli siku nyingi. Gari ni neno la Wahindi, kwao lilikuwa mkokoteni.

Gereji ninakopeleka gari langu hapa Muscat ina fundi kutoka Pakistani. Kiarabu changu kinachechemea, chake pia. Siku moja nikateleza nikasema gari, akaitikia hapo hapo: kwao nalo ni gari, tofauti ni hiyo "r" anayoikunjia ulimi.

Mwarabu naye hakutoka mikono mitupu. Tabora leo hawakuulizi kama una gari, wanakuuliza, "Una usafiri?" Na usafiri umetokana na safari, neno la Kiarabu. Na ukijibu unao, usishangae wakitazama nje kutafuta pikipiki.