Sufuria Hubebwa na Wawili

Bulyanhulu inajulikana kwa dhahabu. Mgodi wake wa chini ya ardhi ulianza uzalishaji mwaka 2001, na Kakola imejaa watu wanaokula mbali na nyumbani kwao. Mchimbaji mdogo wa duarani na fundi wa mgodini wote huamka na njaa. Kwa hiyo cheti cha upishi kwetu si pambo la ukutani. Mama anaweza kuuza mbuzi ili akipate.

Tulikwenda kusoma watano kutoka usharika mmoja, mchungaji akiwa miongoni mwetu, kozi fupi ya kila Jumamosi kule Kahama, ili jiko la usharika liweze kupokea semina na harusi. Kazi ya mwisho ilikuwa ya kikundi: chakula cha mchana cha watu 40, na alama moja kwa wote.

Mwenzetu mmoja, binti mdogo kuliko sisi sote, alilemewa. Alitia chumvi mara mbili. Alisoma mizani vibaya, mandazi yakatoka kama mawe. Baadaye akaanza kuchelewa, halafu Jumamosi moja hakuja kabisa.

Kwenye basi la kurudi wawili wetu walianza kumjadili, na kijana akapendekeza tufungue kundi jingine la simu asilokuwemo. Mama mtu mzima akawakatisha: "Haya mnayoyasema, mwenyewe yuko wapi?" Sote tuliofundishwa kipaimara tunaikumbuka Amri ya Nane, na jinsi Luther katika Katekisimu Ndogo ya 1529 hakuridhika na kukataza uongo tu, bali alitaka tumtetee jirani na kuyachukulia mambo yake kwa upande ulio mwema. Kusema kweli nyuma ya mgongo wa mtu hakuitimizi amri hiyo. Basi tukamtuma yule mama, peke yake, kama Mathayo 18 inavyoagiza kuanza.

Alirudi na habari mbili. Nauli ilikuwa imemshinda binti, na mtoto wake hakuwa na wa kumwachia. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili aliisema kwa taabu zaidi: "Mayu, mizani inanitisha. Nikirudi nyumbani sijaribu tena."

Hapa Wagalatia 6 ilitusaidia. Katika mstari wa pili Paulo anatutaka tuchukuliane mizigo. Katika mstari wa tano anasema kila mmoja atauchukua wa kwake. Msomaji wa haraka huona Paulo anajipinga. Lakini katika Kigiriki maneno ni mawili. La kwanza, *baros*, ni uzito unaomwelemea mtu. La pili, *phortion*, ni furushi la kila mtu, lile la safari yake mwenyewe. Mahubiri juu ya mstari wa pili tumeyasikia mengi. Ya mstari wa tano ni haba, labda kwa kuwa hayaleti machozi.

Jikoni jambo hili linaonekana wazi. Sufuria ya maharage ya watu 40 hubebwa na wawili, mmoja kila mkono wa sufuria, na anayejaribu peke yake ataungua. Kisu hushikwa na mtu mmoja. Ukimshikia mwenzako kisu, hamtakata kitunguu, mtakatana vidole.

Nauli na mtoto tulivichukua sisi: tulichanga, na mama mmoja wa kwaya akakaa na mtoto kila Jumamosi. Mizani tulimwachia mwenyewe. Hapo tulibishana. Kijana alitaka siku ya mtihani tumpimie, kwa kuwa mkufunzi asingejua. Tulikataa. Ingekuwa kumdanganya mkufunzi, na binti angetoka na cheti cha kazi asiyoiweza. Jiko la kwanza la kumwajiri lingemfukuza ndani ya wiki, na sisi tusingekuwepo. Tena yeye mwenyewe alikwenda kumweleza mkufunzi siku alizokosa. Mama alimsindikiza, hakumsemea.

Tulimpa kazi moja tu, wali. Kila jioni alipika katika jiko la usharika: kilo 1, kilo 2, mpaka 5, akipima mwenyewe mchele na maji, mmoja wetu akiwa kando mikono nyuma. Kwaya ilikula wali wenye kiini, ikala bokoboko, ikamshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Siku ya mtihani alipima huku midomo ikihesabu. Wali wa juu ulitoka vizuri, wa chini ulishika sufuria. Mkufunzi aliukwangua, akaonja, akaandika. Tulifaulu, ila kikundi cha jirani kilitupita. Kijana wetu mpaka leo anasema tungepata zaidi kama tungempimia, wala hakuna anayembishia. Jumamosi iliyofuata binti alifika jikoni usharikani na mtoto mgongoni, akauliza maharage yanabandikwa saa ngapi.