Nyundo Yangu ya Kwanza

Wenzangu wengi wananiuliza kovu hili la moto mkononi nililipata wapi. Nimeona heri niandike mara moja, watu wote wasome.

Likizo kubwa nilikwenda kwa mjomba wangu, upande wa Kabambare. Yeye ni mhunzi. Anafua majembe, mashoka na visu, tena matindo ya wachimba dhahabu wa kule Salamabila. Minervali yangu ilikuwa bado haijaisha kulipwa, basi mama akasema, "Nenda kwa mjomba wako, usikae hapa bure." Mjomba akanipokea vizuri, lakini akaniambia, "Mwipwa, hapa mtu hafui kitu cha kuuza mpaka afue nyundo yake mwenyewe. Ukiimaliza, majembe utakayofua ni yako."

Miye nikacheka moyoni. Nyundo ni kitu gani? Kichuma na tundu, basi. Nilikuwa nimesahau somo la historia: huko Kamilamba, Upemba, juu ya mto wetu Lualaba, wachimbuzi walikuta kaburi la zaidi ya miaka 1,000, na ndani yake fuawe la chuma. Watu wa zamani hawakucheka chombo cha mhunzi.

Wiki mbili nilivuta mivukuto tu. Kisha mjomba akanipa kipande cha mhimili wa lori lililokufa njiani, na mtoto wake wa miaka 8 akashika mivukuto. Ferabeto alikataa: ni laini, haishiki ugumu.

Kazi yenyewe ni tundu la mpini. Unatia chuma motoni mpaka kiwe na rangi ya chungwa, unaweka tindo katikati, unapiga mara tatu, nne, kisha unachovya tindo majini, la sivyo nalo linalainika na kukwama. Ukifika nusu, unageuza upande wa pili. Chuma kikiwa chekundu cha giza, acha! Rudisha motoni. Neno hilo mjomba alilisema kila siku.

Jioni moja mjomba alikuwa amekwenda kilioni. Nilitaka kumaliza. Chuma kilikuwa kimepoa, mimi nikaongeza mapigo matano. Nikasikia sauti ndogo: tik. Nikaona ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa tundu. Hakuna aliyeniona. Nikausugua kwa jiwe, nikapaka masizi na mafuta, ukafichika.

Kesho yake tukaitia motoni tena mpaka ikaiva, tukaizamisha katika mafuta ya mawese, maana maji hupoza upesi mno na kupasua. Tukasugua nyuso zake zikawa nyeupe, tukatia tindo la moto tunduni, tukangoja rangi: manjano kama nyasi kavu, kisha kahawia. Nyundo isiyopunguzwa ugumu hivyo humegeka. Mjomba akatia mpini, akaitazama, akafurahi. "Haya, piga jembe."

Pigo la sita au la saba, nyundo ikapasuka. Nusu yake ikaruka, ikapita karibu na sikio la mtoto aliyekuwa kwenye mivukuto, ikagonga ukuta. Koleo likaniponyoka, na chuma cha moto kikaniunguza mkono.

Mjomba akaokota kile kipande, akakigeuza juani. Pale kilipovunjika, upande mmoja uling'aa, upande mwingine ulikuwa mweusi. Akaniuliza polepole, "Hapa panapong'aa pamepasuka sasa hivi. Hapa peusi palipasuka lini?"

Nikanyamaza. Kisha nikasema, "Jana, mjomba."

Hakunipiga. Alimwita mtoto, akamsimamisha mbele yangu. "Usiniombe msamaha mimi. Mwombe huyu." Kupiga magoti mbele ya mtoto wa miaka 8, jamani, ni jambo zito kuliko kuungua.

Nikaanza tena na kipande kingine cha mhimili ule, mkono umefungwa kitambaa. Nyundo ya pili ilinichukua siku tisa. Tundu lake limepinda kidogo, lakini halina ufa. Mjomba mwenyewe alilichunguza. Siku zilizobaki niliuza majembe mawili tu, ndiyo sababu minervali yangu hata sasa iko nusu. Deni hilo ni langu, simlaumu mtu.

Ndugu wanafunzi, na sisi hapa shuleni tunajua kupaka masizi. Sitaji jambo; kila mtu anajua lake. Nyundo yangu iko sandukuni, anayetaka kuiona aje. Nusu ya ile ya kwanza ninayo pia, lakini hiyo simwonyeshi kila mtu.

Ni mimi mwenzenu wa mwaka wa nne.