Mchezo Kitandani mwa Mtoto Mgonjwa

Atokaye Ngomeni, kwenye kuta zilizoanza kujengwa mwaka 1593, akaenda hadi Msikiti wa Mandhry, hupita katika mji unaocheza. Barazani wazee wameinamia bao la mashimo 32 na kete 64. Vichochoroni watoto wamechuchumaa juu ya gololi. Na katika vibanda vyenye pazia mlangoni, wengine wamekodolea macho michezo ya video, wakilipa kwa dakika. Mama apitaye hapo huguna, na ana haki, kwani mchezo uliopita kiasi hula wakati wa Swala na wa chuo.

Lakini kisiwa hiki kina watoto wasiofika vichochoroni. Kaskazini ya Mji wa Kale ipo Hospitali Kuu ya Pwani, na kwa mtoto aliyelazwa, hospitali yoyote iwayo, siku hupimwa kwa sindano na vidonge. Hapo mchezo ule ule hubadilika hukumu yake.

Huko Seattle, Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington walibuni mchezo uitwao SnowWorld. Aliyeungua hurusha mabonge ya theluji huku kidonda chake kikisafishwa, na wagonjwa wakaeleza kuwa maumivu yalipungua, kwa sababu fikra zilizoshughulika hazibaki zote kwenye uchungu. Mwaka 2008 jarida la Pediatrics lilitoa utafiti uliohusu vijana 375 wenye saratani. Waliopewa Re-Mission, mchezo wa kupambana na seli za saratani mwilini, walishika dawa zao vyema kuliko waliopewa mchezo wa kawaida.

Nasi tuna mafunzo ya kale zaidi. Mtume (S.A.W.) alimzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia, alipougua. Na alimliwaza mtoto Abu Umair kwa kumuuliza habari za kindege chake alichokuwa akicheza nacho. Hakuliona jambo la mtoto kuwa dogo.

Basi, ndugu zangu, tuendapo kumzuru mgonjwa na chupa ya uji na matunda, mtoto tumfikirie zaidi. Tumuulize muuguzi kwanza. Tuchague mchezo usiohitaji intaneti, usio na kamari, damu wala mambo ya aibu, na chombo kinachofutika kwa dawa ya kuua vijidudu. Sauti iwe ya chini, isiwaudhi walio vitanda vya jirani. Wakati wa Swala na wa dawa usiguswe. Bora zaidi ni mchezo wa watu wawili, ili nduguye au mama acheze naye. Asiye na uwezo huo apeleke bao dogo, au kitabu na kalamu za rangi, kisha akae kidogo.

Mtoto anayecheza hajapona, lakini kwa saa hiyo amerudi kuwa mtoto. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu wote. Amin.